Kadi ya Princess wa Karungu

Swali lililomkwamisha Nkwabi halikuwa la fedha. Alikuwa ameshaendesha kamati za harusi kumi na tisa, misiba asiyoihesabu, na kipaimara kimoja ambacho Buzuruga nzima inakikumbuka kwa sababu ng'ombe wa karamu alikata kamba akaingia kwenye duka la simu. Kila jambo alilifungulia kundi lake la WhatsApp. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa juu ya kiti cha Hiace kilichong'olewa, katikati ya karakana ya rafiki yake Zadok, simu mkononi, na hakujua aandike nini.

"Ngosha, nisaidie," alimwambia Zadok. "Harusi siyo. Msiba siyo. Ubatizo siyo. Kundi nalipa jina gani?"

Zadok alikuwa amepiga magoti akivuta kitambaa kipya juu ya kiti cha bajaji. Alitoa misumari mdomoni. "Andika, Kumleta Princess."

"Kumleta kutoka wapi? Wataniuliza. Mtoto analetwa kutoka leba, halafu watu wanapeleka kanga na sabuni. Huyu wako anatoka Kenya na ana miaka minne. Hizo kanga tumpelekee nani? Wewe?"

Mafundi wa jirani walicheka. Zadok naye alicheka kidogo.

Kwake jambo lilikuwa limeanza likiwa jepesi. Dada yake, Akelo, aliolewa Karungu, upande wa Kenya, mwendo wa nusu siku tu kutoka Shirati walikozaliwa. Pande zote mbili ni Wajaluo. Wanavua samaki walewale, wanaimba nyimbo zilezile kanisani, na kabla mtu wa mbali hajaja kuchora mstari katikati yao hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake. Akelo na mumewe walifariki katika ajali moja ya barabarani. Waliacha binti mmoja, Princess, mikononi mwa mama mzazi wa mume, Suzana, ambaye ukoo mzima unamwita Dani, yaani bibi. Dani ana miaka sabini na kitu na miguu yake inavimba. Mwaka mmoja baada ya matanga alimpigia Zadok simu, akasema maneno machache. Mtoto anakua, mimi nashuka, wewe na mkeo hamna mtoto, njooni tuzungumze.

Zadok na Sabina walikuwa wametimiza miaka kumi na miwili ya ndoa. Nyumba yao ya Buswelu ilikuwa na chumba cha tatu walichokiita stoo, ingawa hapakuwa na kitu cha kuhifadhi. Baada ya simu ile Zadok aliona safari yote kichwani. Angepanda basi Ijumaa na sukari, majani ya chai na blanketi la Dani, na Jumapili angerudi na mtoto.

Sabina alikataa. Ni Msukuma wa Magu, karani katika shule ya msingi huko Kiseke, na kila Januari kazi yake ni kuwaambia wazazi kwamba mtoto haandikishwi bila cheti cha kuzaliwa.

"Nimewaona watoto wa kuletwaletwa," alimwambia mumewe. "Mtihani wa darasa la saba umefika, hana hata karatasi moja. Anaulizwa baba yako nani, anatazama chini. Mimi sitaki mtoto wa kuficha. Nataka awe wetu hata mbele ya askari wa mpakani Sirari."

Ndipo Zadok alipolisikia neno kuasili, yaani kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliambiwa kuna wakili wa kutafuta upande wa Kenya, alama za vidole za kuchukuliwa polisi, ripoti ya ustawi wa jamii kuhusu nyumba na ndoa yao, na safari ya mpakani kila mahakama itakapowaita. Na juu ya yote, ridhaa ya bibi kwa maandishi. Wakili aliwaambia wazi kwamba bila sahihi ya Dani hakuna kesi.

Afisa ustawi wa jamii, mwanamke mpole aitwaye Justa, alikuja Buswelu na jalada lake. Alikagua choo, akahesabu madirisha, kisha akaketi.

"Kaka, mtoto huyu ni nani kwako?"

"Mtoto wangu."

"Kwa maana ipi?"

"Ni wa dada yangu."

"Basi ni mpwa wako."

"Kwetu mtoto wa dada ni mtoto."

"Nakuelewa," Justa alisema, na kweli alionekana kuelewa. "Ila kwa karatasi wewe ni mgeni kutoka nchi nyingine unayeomba mtoto wa nchi ya watu. Kwa hiyo nikuulize, kwa nini unamtaka?"

Zadok alimtazama mkewe, akatazama dari. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa nini anawataka watu wa kwao. Alijibu, "Kwa sababu yupo." Justa akaandika kitu kirefu kuliko hicho, na Zadok hakujua kama amefaulu au ameanguka.

Gharama zilipojumlishwa ilionekana kwamba kwa viti vya bajaji peke yake angemchukua Princess akiwa ameshamaliza kidato cha nne. Ndiyo maana Nkwabi aliitwa. Mwanza hakuna anayeoa peke yake. Mtu anayeshindwa kumnunulia mwanawe daftari hutoa ahadi kwa harusi ya mtoto wa bosi wake, tena anaikamilisha kabla ya tarehe, kwa sababu kadi imemfikia na jina lake limeandikwa. Nkwabi aliijua nguvu hiyo. Alitaka safari hii ifanye kazi ya maana.

Hatimaye kundi lilipata jina, Sherehe ya Kumpokea Binti, na kamati ikapatikana, watu wanane. Kazi ya kadi alipewa Gidion, kijana mwenye duka la kuchapa karibu na stendi. Gidion hajawahi kutengeneza kadi ya kumpokea binti wa miaka minne. Alifungua kadi ya mwisho ya harusi kwenye kompyuta yake, akafuta bibi na bwana harusi, akaweka picha ya Princess. Maua ya pembeni yalibaki, na mioyo miwili, na riboni. Juu iliandikwa, Familia ya Bwana na Bibi Zadok Ochola wa Buswelu inayo furaha. Katikati alikuwepo Princess na gauni la njano, akicheka, jino moja halipo. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, Singo 50,000, Dabo 100,000, na namba ya simu ya mhazini.

Gidion alimtumia Zadok ili aihakiki. Zadok alikuwa amezoea kumwona mtoto huyo kwenye picha ndogo isiyozidi ukucha. Sasa alijaza kioo kizima cha simu. Zadok aliitazama sana, akaandika, "Safi," akaituma kwa kila mtu anayemjua, pamoja na kundi la ukoo lenye watu wa Shirati na wa Karungu.

Siku ya tatu Kevin alipiga simu. Kevin ni mwalimu, anakaa boma la jirani na Dani, na ndiye anayemsomea maana macho ya Dani hayaoni tena herufi ndogo.

"Mjomba, umetuma nini kwenye kundi?"

"Kadi. Imefika?"

"Imefika. Dani ameniambia nimsomee, nimemsomea. Akaniambia nisome tena hizo bei."

"Bei gani?"

"Hizo chini ya mtoto. Singo elfu hamsini, dabo laki. Anauliza dabo ni nini. Ni mtoto pamoja na nguo zake?"

Zadok alicheka, akagundua anacheka peke yake. "Kevin, hapana, huo ni mchango. Singo ni mtu mmoja. Dabo ni mtu na mkewe. Ndivyo kadi za harusi zilivyo."

"Harusi ya nani, mjomba? Ana miaka minne."

"Siyo harusi. Ni kama harusi. Yaani kadi ndiyo ya harusi, ila..."

Alijisikia akizama. Kila sentensi aliyoongeza ilifanya jambo liwe baya zaidi. Kisha Dani akachukua simu, sauti ikawa nzito na ya taratibu.

"Zadok. Mimi nilikuita tuzungumze. Wewe umenifungulia soko. Hiyo karatasi ya wakili siweki sahihi. Na usikuje."

Simu ikakatika. Siku ya mahakama ilikuwa imebaki wiki tatu.

Sabina alisikia yote baada ya kutoka kazini. Hakupandisha sauti. Alimuuliza mumewe swali moja tu wakati anachambua mchele.

"Hiyo kadi uliiona kabla haijatoka?"

"Niliiona."

"Ukaona nini?"

"Nilimwona Akelo," Zadok alisema. "Paji la uso. Sikusoma kilichoandikwa."

Sabina aliendelea kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe tena.

Kamati ilikutana kwa dharura, na hapo ndipo Zadok alipopotea kabisa. Mmoja alisema wapelekwe washenga. Mwingine alisema washenga wanaenda kuposa, wakienda huko itaonekana kweli ni harusi. Mhazini, mama mmoja muuza dagaa aitwaye Paskazia, alishauri kadi ifutwe na kila mtu arudishiwe chake.

"Mchango haurudishwi," Nkwabi alisema.

"Umeandikwa wapi huo mwiko?"

"Haujaandikwa. Wewe jaribu kumrudishia mtu mchango uone. Atakuuliza nani amekufa."

Walijaribu. Mtu wa kwanza aliuliza nani amekufa. Wa pili alikasirika, akasema kama ahadi yake ni ndogo waseme aiongeze. Watu wale waliokuwa tayari kumpa Zadok fedha hawakuwa tayari kuzipokea, na yule mmoja aliyetakiwa kutoa sahihi hakutaka hata kuzungumza. Zadok alipiga simu Karungu mara tisa. Alifikiria kwenda, lakini alikwishaambiwa asiende, na mtoto mwema wa Kijaluo akikatazwa na mama wa nyumba, anarudi kutokea getini. Alifikiria kutokwenda, akaona huko ndiko kukubali kwamba anauza. Jumatano alimshonea mteja kiti kizima cha bajaji, mishono ikiwa nje na upande mzuri ukiwa ndani. Mteja alikizunguka mara mbili, akamuuliza kama huo ni mtindo mpya.

Jumamosi asubuhi mwanamke mrefu alisimama mbele ya karakana. Alikuwa na fimbo, soksi nzito miguuni, na mkoba mweusi wa kanisani. Pembeni yake alikuwepo mtoto wa gauni la njano, ameshika pindo la sketi yake.

Nkwabi ndiye aliyekuwa karibu. "Shikamoo, mama."

"Mzuri," mwanamke alijibu kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Wewe ndiye unauza?"

Nkwabi, ambaye amewahi kuwanyamazisha wazee wa kanisa wawili katika kikao kimoja, alirudi nyuma hatua moja akamwita Zadok.

Zadok alitoka na mkasi mkononi. Alimtambua Dani kwanza, kisha mtoto, akaupitisha mkasi mkono huu na ule kama mtu aliyesahau mkono upi ni wa kusalimia.

"Ulisema nisije," alisema.

"Nilisema wewe usikuje. Mimi sijajikataza." Dani alikaa kwenye kiti cha Hiace. "Barua ya chifu ya kuvuka nayo ninayo. Nipeleke nione hiyo nyumba. Chai baadaye."

Huko Buswelu, Dani alipita vyumba vyote kwa fimbo yake, polepole kuliko Justa, na hakuandika kitu. Alivuta pazia. Alionja maji ya ndoo. Aliingia chumba cha tatu, ambacho sasa kilikuwa na kitanda, neti mpya na begi dogo la shule lisilo na daftari. Alisimama hapo mpaka Zadok akaanza kutoa jasho.

"Na mimi nikija, nalala wapi?"

Zadok hakuwa amewahi kulifikiria. Katika picha yake yote ya maisha yajayo, Dani alibaki Karungu akipunga mkono.

"Hapo hapo, mama," Sabina alisema kutoka mlangoni. "Kitanda ni futi nne. Fundi alisema cha mtoto cha mbili na nusu kinatosha, mimi nikamwambia mtoto huyu ana mwenzake wa kulala."

Dani alikibonyeza kitanda kwa kiganja. Hakusema asante wala hakusema vibaya. Princess alikuwa tayari amepanda juu na viatu.

Saa kumi kikao kilikaa karakanani, watu wanane wa kamati na mgeni wao. Nkwabi alieleza tena singo na dabo, safari hii kwa kumsimamisha Paskazia peke yake, kisha kumsimamisha pamoja na mumewe. Watu walicheka. Dani alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Hiyo nimeelewa. Kevin naye alikuja akaelewa, akanieleza kwa gari mpaka mpakani. Sasa na mimi niulize. Kwenu huku, binti akiolewa, kadi inatoka kwa nani?"

"Kwa wazazi wake," Nkwabi alijibu haraka. Hapo ndipo alipobobea. "Familia ya fulani inayo furaha."

"Soma hii. Juu kabisa."

Nkwabi alitoa simu. "Familia ya Bwana na Bibi Zadok Ochola wa Buswelu..." Sauti yake ikapungua.

"Huyu mtoto amelala kwangu miaka mingapi? Na kwa Bwana Zadok Ochola wa Buswelu amelala siku ngapi?"

Nje dereva wa bajaji alikuwa akigombana na mtu kuhusu chenji.

"Mimi hizo bei ziliniudhi, ndiyo," Dani alisema. "Lakini sikusafiri na miguu hii kwa sababu ya bei. Nilimwambia Kevin atafute jina langu kwa hiyo kadi. Akasoma mpaka namba ya simu. Sikuwemo." Alifungua mkoba, akatoa fomu ya ridhaa iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia. "Na hii ya wakili pia. Inasema mimi naacha. Naacha haki, naacha madai, naacha mtoto. Hakuna mahali inasema mimi natoa. Kwani nimemtupa? Mimi ndiye nilipiga simu."

Wiki zote hizo Zadok alidhani tatizo ni kwamba sheria inamwita yeye mgeni. Hakuwa ameona kwamba kadi yake mwenyewe, yenye maua na mioyo, ilikuwa imemfanyia Dani vilevile. Alitaka kuomba radhi, akabaki anakuna kidevu.

"Fomu ya mahakama siwezi kuibadilisha, mama," Sabina alisema taratibu. "Ningeweza ningeshaifuta na kuiandika upya. Hao wanaandika hivyo kwa kila mtu."

"Najua."

"Ila kadi ni ya kwetu."

Nkwabi alikaa wima. Hilo alilijua. Alimpigia Gidion simu palepale mbele ya watu. "Futa picha ya mtoto. Ndiyo, yote. Mioyo pia. Juu andika, Mama Suzana wa Karungu anayo furaha. Hapana, siyo Bwana na Bibi, ni Mama. Anayo furaha ya kumpeleka mjukuu wake Princess kwa mjomba wake. Andika kumpeleka, siyo kumpokea." Aliweka mkono juu ya simu. "Mama, anauliza viwango aviweke au aviache?"

Dani alifikiri. "Weka. Watu wasikuje mikono mitupu. Lakini mbali na jina la mtoto."

Jumatatu kadi zilitoka. Dani aliomba kalamu. Ya kwanza aliiandika mwenyewe, macho karibu yaguse karatasi, akamkabidhi Zadok kwa mikono miwili. Kwenye vile vitone vya jina la mwalikwa iliandikwa, Bwana na Bibi Zadok Ochola. Pembeni, Dabo.

Zadok aliisoma mara tatu. "Yaani mimi nachangia kuletewa mtoto ninayemchangishia?"

"Usiniulize mimi," Nkwabi alisema. "Kamati imekaa."

Sabina alikwishafungua pochi.

"Basi niambieni," Zadok alisema, na hakuwa akitania, "siku hiyo mimi nakaa upande gani? Wa wenyeji au wa wageni?"

Dani alicheka kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka. "Kaa mlangoni. Kuna mtu lazima afungue."

Alhamisi walikuwa watatu kwa wakili, ng'ambo ya mpaka, Princess akiwa amelala mapajani mwa Sabina. Dani alikunjua fomu yake, akatoa na kadi, akasema hataweka sahihi mpaka hizo mbili ziwe kitu kimoja. Wakili aliigeuza kadi mbele na nyuma.

"Hii ni nini?"

Zadok alivuta pumzi ili aeleze. "Harusi siyo," alianza. "Msiba siyo..." Akaishia hapo.

Wakili alimtazama yeye, akamtazama Dani na kalamu yake iliyokuwa tayari hewani, kisha akavuta droo kutafuta pini ya kuzibana pamoja.